Pesa ya kwanza iende kwenye foili ya mbele, si kwenye ubao mdogo

*Swali: Naishi Ruaka, uzito wangu ni kilo 68. Nilijifunza Diani mchezo wa bawa na foili (unashika mkononi bawa la kujazwa hewa, na chini ya ubao kuna foili, kibawa cha majini kinachoinua ubao juu ya maji) na huu ni msimu wangu wa tatu. Naweza kupanda juu ya foili na kuteleza pande zote mbili, lakini nikigeuka natumbukia majini karibu kila mara. Siwezi kurudi joshini, kule upepo unakotoka, hadi nilikoanzia, na paja la mguu wa mbele huniwaka moto muda si mrefu. Pwani nashuka mara chache kwa mwaka. Wikendi nyingine naenda Naivasha, na huko hata upepo ukionekana mzuri bawa halinivuti. Nina ubao wa lita 105, bawa kuukuu la mita 5 za mraba, mlingoti wa alumini wa sentimita 70 (ule unaoshuka majini kutoka ubao hadi foili), na foili ya mbele ya sentimita za mraba 1,900. Muuzaji mmoja amenishauri niuze ubao nichukue wa lita 60 pamoja na mlingoti wa kaboni. Nina shilingi 200,000. Nianzie wapi?*

Dada, umefanya vizuri kutaja vipimo vyote. Wengi huuliza wanunue nini bila hata kutaja uzito wao, na hesabu yote inaanzia hapo. Kwa kifupi: badili foili ya mbele, kisha tafuta bawa kubwa zaidi kwa ajili ya Naivasha. Ubao ukae kwanza. Mlingoti wa kaboni usikusumbue akili mwaka huu.

Lakini kabla hujatoa hata shilingi moja, lipo jambo la bure. Mguu wa mbele unapofanya kazi kupita kiasi, foili inainua pua ya ubao kwa nguvu kuliko uzito wako unavyoweza kuishusha. Chini ya ubao wako kuna reli mbili ambamo bolti za mlingoti zinateleza. Zilegeze, urudishe mlingoti nyuma sentimita moja, ukaze, uingie majini. Ikiwa paja bado linawaka, ongeza sentimita nyingine. Utajua umezidisha pale ubao utakapochelewa kupanda na mguu wa nyuma kuanza kulalamika. Chora alama kwa kalamu ya wino usiofutika pembeni mwa reli, maana ukifungua vyombo ili virudi Nairobi kwenye buti ya gari, kesho hutakumbuka vilikuwa wapi. Wapo watu waliotumia misimu miwili wakilaumu vyombo, kumbe mlingoti ulifungwa mbele mno tangu siku ya kwanza darasani, kwa sababu mwalimu alitaka wapande haraka. Kwa mwanafunzi ni sawa kabisa. Wewe umeshavuka hapo.

Ukishaurekebisha, utabaki na tatizo lenyewe: foili yako ni kubwa na ni fupi kwa mapana yake. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wauzaji wengi hutaja namba moja tu, ile ya eneo, wakanyamaza kuhusu ya pili.

Eneo ndilo linaloamua mwendo wa chini kabisa unaoweza kukubeba. Nguvu ya kuinua huongezeka kadiri eneo linavyoongezeka, na huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo ukishuka kutoka 1,900 hadi 1,350, umbo likiwa lilelile, utahitaji mwendo zaidi kwa karibu sehemu moja ya tano ili upande. Si kitu cha kutisha kwa mtu anayeshajua kupanda. Faida yake ni kwamba upepo ukikaza, foili ndogo haikurushi juu, na ule mzigo wa mguu wa mbele unapungua wenyewe.

Namba ya pili ni uwiano wa urefu kwa eneo. Chukua urefu kutoka ncha hadi ncha, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa eneo. Foili ya 1,900 yenye urefu wa sentimita 95 inatoa 4.75. Ya 1,350 yenye urefu wa sentimita 100 inatoa 7.4. Ukiwa Naivasha mtazame furukombe: mabawa mapana, anainuka na mzigo wa samaki bila taabu, lakini lazima apige mabawa. Shakwe wa baharini ana mabawa marefu membamba, na anaweza kukaa hewani muda mrefu bila kupiga hata mara moja. Foili yako ya sasa ni furukombe.

Angalia tena mifano hiyo miwili. Ncha zimeachana kwa umbali unaokaribiana, lakini eneo linalosuguana na maji limepungua kwa asilimia 29. Hapo ndipo matatizo yako mawili yanapokutana. Unapogeuka kwa kufuata upepo, kuna sekunde chache ambapo bawa linapita kutoka mkono hadi mkono na halikuvuti hata kidogo. Katika sekunde hizo unaishi kwa mwendo uliokuwa nao. Foili fupi pana inaula mwendo huo mapema, unashuka, ubao unagusa maji, umekwisha. Foili ndefu inauhifadhi. Kwenda joshini nako ni vivyo hivyo: pembe unayoweza kuikata dhidi ya upepo inategemea msuguano ulio nao, wa bawa angani na wa foili majini. Manahodha wa jahazi wanaijua habari hiyo tangu zamani. Chombo chenye ukoga chini hakiendi joshi hata ukikaza tanga namna gani.

Basi kwa nini nisikwambie ununue yenye uwiano wa 10 au 12, kama wanazotumia washindani? Kwa sababu foili hizo hazipendi kuinama upande, ncha zake hutoka majini ghafla ukigeuka kwa kasi, na zikipoteza mwendo hukuangusha bila kukuonya. Zinahitaji mtu anayeingia majini kila wiki. Wewe unashuka pwani mara chache kwa mwaka, na kila safari siku ya kwanza huliwa na kukumbuka. Kwa kilo 68, tafuta eneo la kati ya 1,300 na 1,400, uwiano wa kati ya 6.5 na 8. Ukimtajia muuzaji namba hizo mbili akakujibu kwa rangi na jina la bingwa, nenda kwa mwingine.

Jambo moja linaloumiza mifuko ya watu: foili ya kampuni moja haiingii kwenye fyuselaji ya kampuni nyingine. Fyuselaji ni ule mwili mwembamba unaounganisha foili ya mbele, foili ya nyuma na mlingoti. Upande wa ubao hakuna tatizo kubwa, kwa kuwa reli mbili zenye umbali wa milimita 90 na bolti za M8 zimekuwa kawaida kwa kampuni nyingi. Huko chini kila mmoja ana maungio yake, na hata ndani ya kampuni moja toleo la zamani na jipya huweza kukataana. Piga picha ya maungio yako, pima kwa rula, mtumie muuzaji kabla ya kulipa. La sivyo utajikuta unanunua mtambo wote kuanzia juu.

Bei nayo. Foili ya mbele ya kaboni, mpya, huuzwa Ulaya mara nyingi kati ya euro 500 na 900. Ukiagiza, kumbuka nauli, ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa juu ya hivyo vyote kwa pamoja. Kwa hiyo shilingi 200,000 si pesa nyingi kama inavyoonekana. Iliyotumika, isiyo na jeraha kwenye ncha wala kwenye ukingo wa mbele, haina ubaya wowote. Pitisha ukucha kwenye ukingo. Mikwaruzo midogo husuguliwa kwa msasa laini, lakini ufa karibu na matundu ya bolti uuogope.

Sasa Naivasha, ambako unasema bawa halikuvuti. Tatizo si wewe. Ziwa lile liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Ukilinganisha alasiri ya kawaida ya Naivasha na ya Diani, uzito wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 19, na nguvu ya bawa inapungua kwa kiasi hichohicho upepo ukiwa wa kasi ileile. Bawa lako la mita 5 linakuwa kama la mita 4. Ili upate mvuto uliouzoea Diani kwa noti 15 za upepo (noti ni maili ya baharini kwa saa), Naivasha unahitaji karibu noti 17, au bawa la mita 6 na kidogo. Ndiyo maana unaona maji yamechafuka, miti inayumba, na wewe umepiga magoti juu ya ubao ukisubiri.

Maji yenyewe hayajapungua uzito hivyo. Maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari kwa asilimia 2.5 hivi tu. Kwa hiyo foili inayokufaa Diani inakufaa na Naivasha. Kinachobadilika ni bawa. Mtu akikwambia ununue foili kubwa zaidi kwa ajili ya ziwa, amechanganya juu na chini. Foili kubwa itakuinua mapema kidogo, kweli, lakini haitakurudishia mvuto uliopotea angani, na upepo wa Bonde la Ufa unavyokuja kwa vipande, dakika hii umekaza na dakika ijayo ni shwari, unahitaji kitu kinachoteleza kupita kwenye shwari hiyo. Tunarudi palepale, kwa foili ndefu zaidi.

Kwa hiyo bawa la mita 6. Usiuze la mita 5. Ndilo la kusi Diani, na likichakaa kabisa utaleta lingine. Hilo la mita 6 litafute kuukuu kwenye shule za kaiti (mchezo wa kuvutwa majini na tiara) za Diani au Watamu msimu unapofungwa. Ukienda kulikagua, lijaze hadi shinikizo lililoandikwa karibu na vali, mara nyingi psi 7 au 8, na uwe na geji yako mwenyewe. Likae hivyo saa nzima wakati mnakunywa chai. Likishuka, kuna tundu au vali imechoka. Kisha libebe kwenye upepo. Kitambaa kilichovutika kupita kiasi hupepea ukingo wa nyuma hata ukilishika vizuri, na mvuto unahamia kwenye mkono wa nyuma. Dosari ya pili ndiyo mbaya, maana mkono wa nyuma ukichoka unafungua bawa, na ukilifungua hupandi. Nashuku bawa lako la sasa lina ugonjwa huo kidogo. Lipime kwa njia hiyohiyo, maana watu wengi sana hupanda na bawa la psi 5 kwa kuogopa kulipasua.

Kuna mabawa mapya ya vitambaa vigumu vyepesi yanayosifiwa sana. Ni mazuri. Bei yake inaweza kumaliza bajeti yako yote, na jua letu halibagui kitambaa cha bei. Usiliache bawa lolote limejaa mchangani mchana; hewa ya ndani inapanuka, na mishono ndiyo inayolipa.

Mfupi wa kimo aangalie pia ncha. Mita 6 ikiwa ndefu sana itagusa maji kila unapopiga magoti. Chagua lililo pana katikati badala ya lile refu jembamba.

Kuhusu ubao wa lita 60, huyo muuzaji amekukosea. Wewe na nguo na vyombo mnakaribia kilo 80. Ubao huo hauwezi kukuelesha umesimama wala umekaa tuli. Utakuwa kiunoni majini hadi upepo ukuinue. Diani kwa noti 20 zisizokatika, mtu hodari anaweza. Naivasha upepo ukikatika katikati ya ziwa, utaogelea. Na ziwa lile lina viboko. Hili sisemi kwa kutia chumvi: kaa mbali na mafunjo na magugu-maji, usiingie bila mtu wa mashua anayejua wanakolala, na utoke mapema kabla jua halijashuka, kwa sababu jioni ndipo wanapoanza kutembea. Ubao unaokuwezesha kupiga magoti na kupiga makasia kwa mikono ni kifaa cha usalama huko, na wako wa lita 105 unafanya kazi hiyo. Tangu maji yalipopanda mwaka 2020 kuna pia migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, na mingine imezama; foili ikigonga kisiki kwa kilomita 25 kwa saa, wewe unaendelea na safari bila ubao. Kofia ngumu na jaketi la kuzuia kishindo viwe kwenye bajeti kabla ya kaboni yoyote.

Ukitaka kubadili ubao mwakani, usitazame lita peke yake. Mbao ndefu nyembamba, tuseme sentimita 180 kwa 54, lita 80 au 85, huachia maji mapema kuliko ubao mfupi mpana wa lita 105, kwa sababu zinapata mwendo zikiwa bado zinaelea. Ndizo ningekuchagulia. Tabu yake ni ghorofa za Ruaka na lifti zake, pamoja na nafasi ya gari, lakini hiyo unaijua mwenyewe kuliko mimi.

Mlingoti. Sentimita 70 ni mfupi kwa mtu anayetaka kwenda joshini, kwa kuwa hapo huna budi kuulaza ubao upande wa upepo, na ukiwa na mlingoti mfupi ncha ya foili inachungulia nje, inavuta hewa, unaanguka. Sentimita 80 hadi 85 inakupa nafasi. Alumini inatosha. Kaboni nzuri ni nyepesi na ngumu, lakini kaboni ya bei nafuu huweza kupinda kuliko alumini nene, na hapo umelipa zaidi ili upate kidogo. Kwa kilo 68 na mwendo wako wa sasa hutaiona tofauti hiyo kama utakavyoiona ya foili.

Ila mlingoti mrefu una masharti yake Diani. Siku za bamvua bahari ya huku hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na maji yakipwa, ndani ya mwamba unaweza kutembea kwa miguu mahali ulipokuwa unateleza asubuhi. Ukiwa na sentimita 85 chini yako unahitaji zaidi ya mita moja ya maji safi, yasiyo na majani wala fungu la mchanga. Panga safari zako kwa kalenda ya maji kabla ya kalenda ya kazi. Siku za maji mafu hazipwi sana, kwa hiyo una saa nyingi zaidi za kuteleza kwa siku, ingawa watu wengi wa Nairobi hununua tiketi ya treni bila kuutazama mwezi. Kilifi, ndani ya mkono wa bahari, kuna kina, na kwa mtu anayefanya mazoezi ya kugeuka pale ni pazuri. Nyasi za baharini zikinasa kwenye mlingoti utahisi kama umefungwa breki. Ruka chini, zitoe, endelea, wala usidhani ni foili mpya.

Foili ya nyuma iache kama ilivyo. Watu hupunguza ukubwa wake wakitafuta kasi, na kweli kasi inaongezeka, lakini ubao unaanza kupanda na kushuka kama unatikiswa. Ukishazoea ile ya mbele, kabari nyembamba ya nusu digrii chini ya foili ya nyuma itakufundisha zaidi kuliko kununua nyingine, na bei yake haifiki ya mafuta ya kwenda Naivasha na kurudi.

Pesa zako ningezigawa hivi: kofia na jaketi kwanza kama huna, halafu foili ya mbele, mpya au kuukuu, isizidi laki moja na kidogo pamoja na kodi. Zinazobaki zitafute bawa kuukuu la mita 6. Mlingoti wa alumini wa sentimita 80 usubiri hadi mtu wa kampuni hiyohiyo auze wake. Na kabla ya yote, safari ijayo Diani kodi foili yenye uwiano wa 7 hivi kwa nusu siku, ikiwezekana ya kampuni yako, uifunge kwenye ubao wako mwenyewe. Saa ya kwanza utaichukia, kwa sababu itapanda kwa kuchelewa na itakuonyesha kila kosa la miguu. Usiirudishe saa hiyo.

Ukishafunga chochote kipya kwenye alumini, paka bolti grisi ya baharini, na usiviache vimeungana kutoka pwani hadi Nairobi. Chumvi huvishikamanisha chuma na alumini, na nimeona fyuselaji nzima ikikatwa kwa msumeno kwa ajili ya bolti moja.

Ama ubao wa lita 60, mwambie muuzaji akutafutie mwenye kilo 45.